Pumzi Hutangulia, Mfupa Hufuata

Makuruta wengi hawaumii wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza wanalalamika tu: mapaja yanauma, vigimbi vimekaza, kushuka ngazi ni shughuli. Hayo ni maumivu ya misuli, na baada ya siku chache huondoka yenyewe. Foleni ya zahanati ya kambi huanza kurefuka kuanzia wiki ya tatu na ya nne, wakati ambapo kila mtu uwanjani anaamini kundi limeshazoea. Vijana wanakimbia bila kuhema sana, nyimbo za mchakamchaka zinaitikiwa kwa sauti moja, wakufunzi wanajisikia fahari. Ndipo mmoja mmoja wanaanza kuchechemea.

Nimefundisha mazoezi ya viungo jeshini kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu. Mkufunzi mpya akiletwa kwangu, kabla hajakabidhiwa filimbi namwambia hivi: moyo na mapafu hujenga uwezo upesi, misuli hufuata, kano huchelewa, na mfupa huja mwisho kabisa. Kuruta wa wiki ya nne ana pumzi ya kukimbia umbali ambao muundi wake bado hauwezi kuustahimili. Yeye hana namna ya kulijua hilo, kwa sababu kwake kila kitu kinakwenda vizuri. Wa kulijua ni wewe uliyeshika ratiba.

Mfupa ni kitu hai. Ukiutwisha mzigo ambao haukuuzoea, mwili huanza kuukarabati: seli za aina moja hutafuna sehemu zilizochakaa, kisha seli za aina nyingine hujaza mfupa mpya palipotafunwa. Kutafuna huchukua wiki chache. Kujaza huchukua miezi, mitatu hivi au zaidi. Katikati ya kazi hizo mbili mfupa uko kama nyumba ambayo ukuta wake mbovu umeshabomolewa na tofali jipya halijakauka. Kijana aliyetoka uraiani, ambaye kutwa alikuwa anakaa, akaingia ghafla kwenye kukimbia alfajiri, kwata asubuhi na kubeba shanta, yaani mkoba wa mgongoni, jioni, anapita katika kipindi ambacho mifupa ya miguu yake ni dhaifu kuliko siku aliyopita getini. Ukiendelea kuongeza mzigo wiki hizo hizo kwa sababu tu pumzi yake imeimarika, nyufa ndogo huungana na kuwa ufa mmoja wenye jina hospitalini.

Si jambo jipya. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prusia aliyeitwa Breithaupt alieleza juu ya askari waliovimba nyayo baada ya matembezi marefu, ilhali hawakuanguka wala kupigwa na kitu. Wakati huo hakuna aliyeweza kuona ndani ya mguu. Eksirei iligunduliwa mwaka 1895, na miaka miwili baadaye picha zikaonyesha kwamba uvimbe ule ulitokana na mivunjiko ya mifupa mirefu ya unyayo. Tangu hapo ni zaidi ya karne nzima, na bado nimekutana na wakubwa wanaodhani kuruta anayelalamika muundi ilhali hajaanguka popote basi anategea.

Kwa miaka mingi kazi yangu muhimu kuliko zote nimeifanya bwenini usiku, si uwanjani. Baada ya chakula cha jioni makuruta hukaa kwenye ukingo wa vitanda, buti na soksi pembeni, miguu mitupu sakafuni. Nilikuwa napita kitanda kwa kitanda na tochi. Naangalia malengelenge, kucha, kisigino kilichovimba, kifundo kimoja kilichonenepa kuliko mwenzake. Kisha nachuchumaa na kupitisha kidole gumba polepole kwenye muundi, kuanzia chini ya goti hadi juu ya kifundo, upande wa ndani. Sitazami mguu wakati huo. Namtazama usoni, kwa sababu mdomo wa kuruta utasema yuko salama lakini jicho litafumba.

"Wapi?"

"Hapo, afande. Lakini naweza kukimbia, afande."

"Sijakuuliza kukimbia. Nionyeshe kwa mkono wako panapouma."

Namna anavyoonyesha inaeleza mengi. Akipitisha kiganja kizima juu na chini, nusu ya chini ya ukingo wa ndani wa muundi, mara nyingi ni ule uchungu wa kawaida wa makuruta: ngozi ya mfupa na misuli inayoshikana nayo imechoshwa. Huyo tunampunguzia kukimbia, tunamwimarisha vigimbi, na wengi wanapona wakiwa bado na kundi lao. Akiweka ncha ya kidole kimoja mahali pamoja, akabonyeza na kushtuka, naacha kuhesabu kama ni uchungu wa kawaida. Huyo haendi mchakamchaka kesho. Anakwenda kwa daktari, na hata picha ya eksirei ikirudi safi simrudishi uwanjani kwa furaha, kwa sababu ufa wa aina hii unaweza usionekane kwenye eksirei kwa wiki mbili tatu za mwanzo. Kipimo cha MRI huuona mapema zaidi, lakini si kila kambi iko karibu nacho. Penye shaka, mguu hupumzishwa kama wenye ufa mpaka ijulikane vinginevyo.

Yapo maumivu mengine ambayo nayaogopa kuliko hayo yote, nayo ni ya kinena. Kuruta anasema anaumwa mbele ya nyonga, ndani ndani, hasa akikanyaga, na usiku yanamsumbua. Wengi humwambia amevuta msuli. Huenda. Lakini ufa kwenye shingo ya fupa la paja huanza hivyo hivyo, na ukiachwa ukakamilika na mfupa ukahama mahali pake, kijana huyo anaingia chumba cha upasuaji na huenda asirudi jeshini tena. Kwa maumivu hayo sina kipimo cha uwanjani. Wapo wanaomwambia mgonjwa aruke kwa mguu mmoja ili waone kama ataumia. Kwa kinena usithubutu kabisa. Apewe magongo ya kutembelea na apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Tatizo kubwa ni kwamba anayeumwa hasemi. Anaogopa kurudishwa kundi linalofuata na kuanza upya na watu asiowajua, anaogopa kuitwa mtegeaji mbele ya wenzake, na zaidi ya yote anaogopa kuwaangusha. Hofu hiyo ya mwisho inatokana na moyo mzuri, moyo ule ule tunaoutafuta kwa askari, na ndiyo maana kumkaripia hakusaidii. Kilichosaidia, nilivyoona, ni hesabu iliyowekwa wazi siku ya kwanza mbele ya kombania nzima. Anayesema mapema, muundi ukiwa umeanza tu kuuma, atapunguziwa kukimbia kwa siku kadhaa na kufanya mazoezi mengine. Anayeficha mpaka mfupa uingie ufa atakaa nje kwa wiki sita, nane au zaidi, na hapo kurudishwa nyuma hakuna namna ya kukukwepa. Kisha mkufunzi awe mtu wa kutimiza alichosema. Siku ukimdhihaki kuruta mmoja aliyekuja kusema ukweli, umefunga midomo ya wengine wote.

Nije kwenye kukimbia, maana ndiko penye ubishi. Imani ya wengi ni kwamba askari hutengenezwa kwa kilomita: ukiongeza kilomita unaongeza askari. Utafiti uliofanywa kwa makuruta wa kikosi cha Marine cha jeshi la Marekani ulipinga imani hiyo. Umbali wa kukimbia ulipopunguzwa kwa asilimia 40 hivi katika kipindi chote cha mafunzo, mivunjiko ya uchovu wa mfupa ilishuka kwa zaidi ya nusu, na muda wao katika jaribio la mwisho la kukimbia ukabaki karibu ule ule, tofauti ikiwa ni sekunde tu. Kilomita zilizoondolewa zilikuwa zinavunja miguu bila kuongeza kitu. Nilipoanza kupunguza kwangu, wenzangu walitabiri kundi legelege. Halikuwa legelege. Lilifika mwisho likiwa na watu wengi zaidi waliosimama kwa miguu miwili mizima.

Tulichofanya kwanza ni kuwapima kwa mbio fupi mwanzoni na kuwagawa kwa uwezo wao. Kukimbia platuni nzima kwa mwendo mmoja kunapendeza kutazama, ila hakumfundishi yeyote sawasawa. Aliye mzito anakimbia mwisho wa uwezo wake kila asubuhi, naye ndiye mwenye mifupa na misuli isiyoandaliwa, kwa hiyo ndiye wa kwanza kuumia. Aliye mwepesi anajikokota na hapati kitu. Wafupi wanavuta hatua ndefu kuwafuata warefu. Ukiwagawa, kila mmoja anakimbia kwa kasi inayomjenga. Mchakamchaka wa pamoja tuliubakiza mara moja kwa wiki, kwa ajili ya nyimbo na umoja, kwa mwendo ambao wa mwisho anaumudu akiimba. Siku nyingine zikawa za mbio za vipande vifupi na mapumziko kati yake, ambazo hujenga pumzi kwa hatua chache kuliko mbio ndefu.

Halafu kuna hatua ambazo hazimo kwenye ratiba ya mazoezi. Mkufunzi wa viungo anaandika kilomita nne, anadhani kuruta amekanyaga kilomita nne. Hajahesabu kwata ya saa mbili, tena ile ya kukita kisigino chini kwa nguvu. Hajahesabu kutoka bwenini kwenda bwalo, bwalo kwenda darasani, darasani kwenda uwanja wa shabaha, na zamu ya ulinzi usiku. Zaidi ya kilomita 10 kwa siku si ajabu kwa kuruta, na muundi haujui ipi ilikuwa zoezi na ipi ilikuwa kwenda kula. Ndiyo maana nilikuwa nakaa na mkufunzi wa kwata na yule wa silaha kila mwisho wa wiki, tunaweka ratiba zetu tatu mezani pamoja. Ikiwa kesho kuna gwaride refu, mimi siku hiyo nawapeleka kwenye pushapu, kupanda kamba au kuogelea. Ikiwa kuna matembezi ya shanta, hakuna mbio siku moja kabla wala siku moja baada. Kikao hicho kidogo, naamini, kimeokoa miguu mingi kuliko zoezi lolote nililowahi kubuni.

Na adhabu. Hapa nitasema bila kuficha hisia zangu. Kichurachura na kukimbia kwa adhabu havina nafasi katika mafunzo ya mtu unayetaka akutumikie kwa miaka. Kuruta ameshachoka, magoti yamebeba siku nzima, halafu unamwambia aruke kichura kuzunguka uwanja kwa sababu kitanda hakikutandikwa vizuri. Goti lililokunjwa kabisa likirukishwa tena na tena, misuli ikiwa haina nguvu ya kulishika, linaumia, na maumivu hayo hayatajulikana yalitoka wapi kwa sababu adhabu haiandikwi. Nidhamu inajengwa kwa njia nyingi. Arudie kutandika kitanda, aamke mapema kuliko wenzake akasafishe bwalo. Mguu uachwe.

Wanawake jeshini nimewaona wakiumia kwa sababu ambayo ni aibu kwetu tuliopanga safu. Binti mwenye miguu mifupi akiwekwa nyuma ya vijana warefu, analazimika kunyoosha hatua kuliko maumbile yake, maelfu ya hatua, siku baada ya siku. Mvuto huo huishia kwenye mifupa ya nyonga. Jeshi la Australia liliwahi kukabiliana na mivunjiko ya nyonga kwa makuruta wa kike, na tiba yake ilikuwa nyepesi: walipunguza kasi ya kutembea, wakamruhusu kila mmoja atembee kwa hatua yake mwenyewe, na mbio za umbali wa kati wakazibadilisha kwa vipande vifupi. Idadi ya walioumia ikaporomoka, kutoka zaidi ya mmoja katika kila 10 hadi chini ya mmoja katika kila 100. Sisi tuliwahamishia wafupi wote mbele, wake kwa waume, nao wakawa wapanga mwendo. Binti mmoja aliyekuwa akishika mkia kila safari aliniuliza kwa mshangao, "Afande, kumbe naweza kumaliza?" Alikuwa na uwezo tangu mwanzo. Safu ndiyo ilikuwa inamnyima.

Kuhusu kunyoosha viungo kabla ya mazoezi, nilirithi imani kwamba ndiyo kinga kuu. Tulikuwa tunatumia robo saa uwanjani kwenye umande, kila mtu ameshika kisigino chake. Utafiti mwingine wa Australia uliochapishwa mwaka 2000, ukiwa na makuruta 1,538, uligundua kwamba kunyoosha misuli kabla ya zoezi hakukupunguza majeraha ya miguu kwa kiwango cha maana. Kilichotabiri nani ataumia kilikuwa ukakamavu aliokuja nao. Tangu hapo robo saa ile tuliitumia kupasha mwili moto kwa kutembea haraka, kuchuchumaa na kuinuka, kupiga hatua ndefu huku goti likishuka, na kukimbia taratibu kabla ya kukimbia kweli. Na kijana anayeniuliza afanye nini miezi miwili kabla ya kuripoti, jibu langu ni kwamba aanze kutembea na kukimbia sasa, kidogo kidogo. Mfupa ukianza ukarabati wake nyumbani, utafika mlango wa kambi ukiwa tayari una nguvu.

Nguvu ya miguu nayo haipatikani kwa kukimbia peke yake. Kigimbi ndicho kinachopokea mshindo kabla haujafika kwenye muundi, na makuruta wengi wana vigimbi visivyoweza kazi hiyo. Zoezi letu kuu lilihitaji kidato cha ngazi tu. Simama kwa ncha za nyayo ukingoni, nyanyuka kwa miguu miwili, kisha hamishia uzito kwenye mguu mmoja na ushushe kisigino polepole, ukihesabu hadi tatu, mpaka kiwe chini ya kidato. Ni ule ushukaji wa polepole unaoimarisha kano ya kisigino. Mkufunzi asimame karibu, kwa sababu kuruta aliyechoka huachia tu kisigino kianguke na anahesabu kuwa amefanya. Nyuma ya paja tulifanya la wawili wawili: mmoja anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo, naye anainama mbele mwili ukiwa umenyooka, akijizuia asianguke mpaka misuli ishindwe. Linauma siku za kwanza, kwa hiyo tulianza na marudio machache sana. Kwa nyonga tulichuchumaa kwa mguu mmoja, na hapo nilitazama kitu kimoja tu: goti. Likiingia ndani kuelekea goti la pili, nyonga ni dhaifu, na mtu huyo akibeba shanta atalipia magotini.

Vifundo vina somo lao. Askari aliyewahi kuteguka kifundo yuko katika hatari kubwa ya kuteguka tena, na mara nyingi ni kwa sababu uvimbe ulipoisha aliona amepona. Mishipa ya fahamu ya kifundo bado inachelewa kutambua kwamba mguu unapinda. Inafundishika upya. Simama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki. Ukiweza, fumba macho. Ukiweza hilo, rushiana mpira na mwenzako ukiwa umesimama hivyo. Kisha fundisha kutua: kuruka kutoka mahali pa chini, kutua kwa magoti yaliyolegea na nyayo mbili, kimya. Nilikuwa nawaambia nisikie pumzi zao, nisisikie buti. Kishindo kinachosikika ni nguvu iliyopita mfupani bila kupokewa na msuli.

Shanta nimeiacha makusudi mpaka hapa, kwa sababu inakuja baada ya hayo yote. Kuna vitu vinne unavyoweza kuongeza katika matembezi: uzito, umbali, kasi na ugumu wa njia. Ongeza kimoja kwa wakati. Wiki ukiongeza uzito, umbali ubaki ule ule na njia iwe tambarare. Sikupeleka kundi jipya kwenye matembezi ya shanta zaidi ya mara moja kwa wiki, na kukimbia na shanta mgongoni sikuruhusu kabisa katika mafunzo ya awali. Uzito upimwe kwa mwili wa anayebeba. Kilo 20 kwa kijana wa kilo 80 ni robo ya mwili wake. Kwa binti wa kilo 50 ni asilimia 40. Askari akiwa vitani hatachagua mzigo, hilo najua na nimeambiwa mara nyingi. Ila kuruta hayuko vitani. Yuko katika kipindi cha kujengwa ili siku hiyo ikifika aweze.

Buti nazo zisiwe mpya siku ya safari ndefu. Zivaliwe kambini kwa vipindi vifupi mpaka zikubali mguu, soksi kavu ya akiba iwe ndani ya shanta, na lengelenge lishughulikiwe kwenye kituo cha kwanza cha mapumziko, si mwisho wa safari. Lengelenge linadharauliwa kwa udogo wake, lakini anayelikwepa hubadilisha mkanyago, na mkanyago uliopinda kwa kilomita nyingi huhamishia mzigo kwenye goti au nyonga. Wale wanaouza viatu kwa kupima upinde wa unyayo, nawaheshimu, ila majeshi ya Marekani yaliwagawia makuruta viatu vya kukimbilia kwa kufuata umbo la unyayo na majeraha hayakupungua. Kiatu kizuri ni kinachokutosha, kisichokuumiza na ambacho soli yake haijaisha.

Usingizi nao ni zoezi. Huenda hili ndilo linalowakera zaidi wanaoamini katika kuwakesheza vijana. Jeshi la Israeli, lililohangaika na nyufa za mifupa kwa miaka mingi, lilifaulu kuzipunguza kwa zaidi ya nusu lilipofanya mambo mawili: kuhakikisha kuruta analala saa 6 kwa uchache, na kupunguza jumla ya matembezi. Mfupa hukarabatiwa mtu akiwa amepumzika. Unahitaji pia kitu cha kujengea. Makuruta wa kike wa jeshi la majini la Marekani waliopewa kalsiamu na vitamini D walipata mivunjiko michache kwa asilimia 20 hivi kuliko wenzao. Anayekula kidogo ili apungue mwili haraka wakati wa mafunzo anauibia mfupa wake, na binti ambaye hedhi imekatika kwa sababu ya mazoezi na chakula kidogo anapaswa kumwona daktari, maana mwili wake umeshaanza kupunguza matumizi na mfupa ni mmoja wa wanaonyimwa. Sigara huongeza hatari ya kuumia pia. Hilo nililisema mara moja kwa kila kundi na kuliacha.

Kumrudisha aliyeumia kunahitaji subira kuliko kumfundisha mgeni. Ana hamu, kundi lake limemwacha, na pumzi yake bado ipo, kwa hiyo siku daktari akimruhusu anataka kukimbia kilomita tano. Mimi namwanzisha kwa kutembea nusu saa bila maumivu, siku kadhaa. Kisha dakika moja ya kukimbia taratibu, dakika mbili za kutembea, na siku moja ya kupumzika kati ya zoezi na zoezi. Dakika za kukimbia zinaongezeka na za kutembea zinapungua, mpaka akimbie mfululizo kwenye ardhi tambarare. Kasi inakuja baada ya umbali, vilima baada ya kasi, shanta mwisho. Asubuhi baada ya kila zoezi nabonyeza pale pale palipokuwa panauma. Pakiwa kimya, anasonga mbele. Pakianza kusema, anarudi hatua moja nyuma kwa wiki nzima, na ikiwa wiki hiyo haikutosha, tunarudi wote wawili kwa daktari.